Prosesa ya Mwalimu Taratibu

Jirani yangu ni mwalimu wa udereva, na kama kuna mtu amewahi kumwona akiendesha gari kwa kasi, mtu huyo alikuwa anaota. Wanafunzi wake wanamwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza wanalofundishwa, kabla ya usukani, kabla ya gia, kabla hata ya kufunga mlango. "Taratibu, taratibu," anasema, naye amekaa upande wa abiria, mguu juu ya breki ya pili, ile wanayofungiwa walimu wasiomwamini mtu.

Mimi nashona mapazia. Cherehani yangu iko kwenye chumba kinachopakana na sebule yao, na ukuta ulio kati yetu ulijengwa na fundi aliyeipenda saruji kiasi cha kuona uchungu kuitumia. Kwa hiyo ninayosimulia hapa si umbea. Umbea ni kwenda kuyatafuta. Mimi yamenifuata kazini.

Kwenye sebule hiyo, chini ya televisheni, kulikuwa na kompyuta. Haikuwa ya kazi hata kidogo. Mchana ilikuwa mali ya mama mkwe, mama yake mke wa mwalimu, anayeishi nao tangu afiwe na mumewe. Huyo aliangalia filamu na tamthilia zake humo, akiwatukana waovu na kuwaonya wema kwa sauti. Ijumaa jioni ilikuwa zamu ya mwalimu na binti yake wa pekee, msichana wa sekondari mwenye maneno machache na miguu mirefu. Wawili hao walicheza gemu la mashindano ya magari. Na hapo ndipo ungeshangaa. Mtu ambaye barabarani anapitwa na mikokoteni, kwenye gemu aliendesha kama aliyepigiwa simu kwamba nyumba yake inaungua. Alipiga kona na magurudumu mawili, akagonga, akacheka. Binti naye akamgonga, akacheka zaidi. Nilizoea kicheko kile. Kilikuwa kama kengele ya kuniambia wiki imekwisha, zima cherehani.

Basi kompyuta ikaanza kuchoka. Filamu ikifika patamu, picha inaganda. Muuaji ameinua kisu, mwanamke wa watu ameziba uso, na hapo hapo kila kitu kinasimama. Mama mkwe anakwenda kuchemsha chai, anarudi, kisu bado kiko juu.

"Huyu naye si aue tu tujue moja!" nikamsikia akilalamika.

Kwenye gemu ilikuwa hivyo hivyo. Gari liko hapa, mara liko ukutani, katikati hujui lilipita wapi. Wakamwita fundi wa mtaani, akaifungua, akapuliza vumbi, akawaambia mambo ni mepesi. Vingine vyote vizima. Prosesa tu ndiyo imezidiwa, ile inayofikiri kwa niaba ya kompyuta nzima. Wachague nyingine ya kizazi cha karibu, inayokubaliana na ubao ule ule wa ndani, abadilishe, maisha yaendelee.

"Kumbe kitu kidogo," alisema mke wa mwalimu. Yeye ni mfamasia, siku nzima anaamua nani ameze nini na mara ngapi, na hajazoea kuona uamuzi ukizeeka. Alidhani prosesa ingenunuliwa Jumamosi ile. Maskini.

Kwa sababu mwalimu hakwenda kununua prosesa. Alianza kusoma kuhusu prosesa.

Alisoma kwenye simu asubuhi akipiga mswaki. Alisoma garini akisubiri wanafunzi. Alitazama video za vijana wa mitandaoni, wale wanaofungua boksi kwa mikono inayotetemeka kama wamekabidhiwa mtoto mchanga, kisha wanabishana saa nzima kwamba hii imeizidi ile kwa kitu ambacho jicho la binadamu halijawahi kukiona. Haukupita muda akaanza kuongea lugha yao. Mezani, badala ya kumuuliza mkewe kazi ilikuwaje, akawa anaeleza kwamba prosesa ina viini, na ndani ya viini kuna nyuzi, na kwamba viini vingi ni vizuri lakini si sikuzote, na nyuzi nyingi ni nzuri lakini inategemea.

"Inategemea nini?" mkewe aliuliza, kosa ambalo hakulirudia.

Siku moja mama mkwe akaja kwangu. Akakaa, akashika kitambaa nilichokuwa nakikata, akakiangalia kwa heshima.

"Mwanangu, una nyuzi za kubakia?"

"Ninazo, mama. Za rangi gani?"

"Rangi yoyote. Mkwe wangu anatafuta nyuzi, mwezi wa ngapi huu sijui. Anataka nyuzi nyingi sana. Na viini. Viini nimemwambia viko jikoni kwenye trei ya mayai, hataki. Angalau nimpatie nyuzi apumzike."

Alisema hayo bila kutabasamu. Nikampa kibunda cha nyuzi nyeusi. Baadaye nikamsikia mke wa mwalimu upande wa pili akicheka mpaka anakohoa, na mwalimu akisema kwa sauti ya mtu mvumilivu, "Mama, hizi ni nyuzi za aina nyingine."

Kila alipokaribia kuamua, wenye viwanda, ambao bila shaka walikuwa wakimfuatilia yeye binafsi, walitangaza kwamba mpya inakuja. Basi anasubiri. Mpya ikija, ya zamani inashuka bei, na sasa ya zamani ndiyo ya maana. Akiigeukia ya zamani, kijana mmoja mtandaoni anasema ni mjinga tu atakayeinunua leo. Basi anasubiri tena. Mwalimu wangu hawezi kuingia barabara kuu mpaka gari la mwisho machoni pake limepita na vumbi limetulia. Na kwenye prosesa alifanya hivyo hivyo, isipokuwa magari ya huko hayaishi kupita.

"Wanaume wenzako wana michepuko," mkewe alimwambia. "Wewe una prosesa. Sijui nishukuru au nilie."

Na Ijumaa? Ijumaa zikafa. Mwanzoni binti aliwasha gemu akamwita. "Baba, njoo." Baba anajibu kutoka kwenye kochi, "Nakuja, nasoma kitu kimoja." Kitu hicho kimoja kilikuwa na sehemu ya pili, na ya tatu, na maoni ya wasomaji chini. Binti akawa anacheza peke yake, na gari linaruka ruka. Siku moja akaja mbio kumwonyesha.

"Baba, nimepunguza ubora wa picha, haikwami tena! Njoo ujaribu."

"Umepunguza nini?"

"Miti haina majani. Na watu pembeni hawana sura. Lakini barabara ipo."

Mwalimu alijisikia kama ametukanwa. Yeye anahangaika usiku na mchana kuleta majani ya kila mti, na mtoto wake mwenyewe anaridhika na vijiti! "Hapana," akasema. "Tutacheza vizuri, kwa heshima, nikishapata prosesa. Subiri kidogo."

Binti akaenda zake. Ni mtoto wa maneno machache. Lakini Ijumaa iliyofuata nikasikia kicheko tena ukutani, kile cha kugongana. Nikajua mwalimu amerudiwa na akili. Nikazima cherehani kwa furaha.

Sikusikiliza vizuri.

Sasa, nisiseme kwamba mwalimu hakufika popote. Alifika. Baada ya safari ya kuzunguka dunia alibakiwa na prosesa mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye viini vichache vya kutosha, isiyopata joto, na ndani yake mna kile kisehemu cha kutengenezea picha, kwa hiyo unaichomeka na televisheni inaonyesha. Fundi wa mtaani alikuwa ametaja ya aina hiyo siku ile ya kwanza. Ya pili ilikuwa dude. Viini tele, nyuzi za kutosha kushona mahema ya jeshi, na feni yake ilikuja kwenye boksi la peke yake.

Kwa mtu anayetaka kuangalia filamu na kugonganisha magari na bintiye, ungesema jibu liko wazi. Naye aliliona. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mkewe, "Nimeamua, ile ndogo." Mkewe akasema kimya kimya jambo lililofanana na sala.

Halafu akaja shemeji.

Shemeji ni kaka yake mke wa mwalimu. Anafanya kazi ya kukodisha viti na mahema kwa wenye shughuli, lakini ukoo mzima unamwita Mtaalamu, kwa kuwa hakuna jambo ambalo hajui namna lilivyopaswa kufanywa. Amewahi kumshauri daktari kuhusu upasuaji akiwa yeye ndiye amelala kitandani. Alipoonyeshwa picha ya ile prosesa ndogo kwenye simu, aliishika simu kwa mbali, kama mtu aliyepewa soksi ya mwenzake.

"Shemeji," akasema, "hii ni prosesa ya wastaafu."

"Lakini inatosha kwa filamu na..."

"Inatosha! Hata baiskeli inatosha. Mwanaume ukinunua kitu, nunua kitu. Kesho gemu jipya linatoka, utaificha wapi sura yako?"

Mwalimu alicheka kidogo, akasema atafikiria. Lakini lile neno, wastaafu, lilimwingia kama mwiba kisiginoni. Mtu ana nywele nyeupe mbili tatu, wanafunzi wanamwita Taratibu, kahawa ofisini kwao inamfikia wa mwisho, halafu aende kununua prosesa ya wastaafu? Haiwezekani.

Wiki hiyo alinipa lifti na marobota yangu ya vitambaa. Mimi nilikaa nyuma nimebanwa na robota, mbele aliendesha mwanafunzi, mama mmoja muuza mboga za jumla, aliyekuwa akisimulia kwamba akipata leseni atanunua gari la mbio, lile jekundu, chini chini, la milango miwili.

"Mama," mwalimu akamwambia kwa upole, "gari unachagua kwa safari zako. Wewe unabeba kabichi. Gari la mbio utaweka kabichi wapi? Watu wanaangalia injini, hawaangalii wanakwenda wapi. Taratibu hapo kwenye tuta."

Huko nyuma nikamtazama kisogo. Mtu mwingine angesikia anachokisema. Angesema hayo maneno, asimame katikati ya tuta, ajipige paji la uso. Yeye alinishusha sokoni, akanitakia biashara njema, na jioni akaenda na mkewe kununua lile dude.

Mkewe ndiye aliyenisimulia ya dukani, kwa sababu alifuatana naye ili kuhakikisha kwamba ananunua kitu, chochote, hata kama ni kikaango. Muuzaji, anasema, alikuwa kijana msafi mwenye elimu moja tu kubwa: kukubaliana na mteja.

"Hii ni nzuri?" aliuliza mwalimu.

"Hiyo hiyo ndiyo nzuri."

"Lakini nimesoma inapata moto."

"Inapata moto sana, mzee wangu."

"Ila ukiweka feni kubwa haipati."

"Ukiweka feni kubwa? Hata kidogo."

Basi wakaridhiana kama mabwana wawili waliosoma chuo kimoja.

Sherehe ya kufunga ilikuwa Jumamosi mchana. Nasema sherehe kwa sababu tuliitwa. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake na kitambaa cha kufutia miwani. Mimi nilipewa kochi. Binti alisimama mlangoni amekunja mikono. Fundi wa mtaani hakuitwa. Mtaalamu alisema hakuna haja ya kulisha watu kwa kazi ambayo ndugu anaweza kuifanya.

Na kweli aliifanya. Ile prosesa ya zamani aliing'oa kama jino bovu, akaitupa mezani. Mpya akaichomeka. Kuna ute wa kijivu unaopakwa juu yake ili joto lipite kwenda kwenye feni, tone dogo tu linatosha. Mtaalamu alipaka kama anayepaka siagi mkate wa mgeni. Ukamwagika pembeni. Akaufuta na kona ya kitambaa cha meza cha dada yake. Kisha akafunga ile feni, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na mfuniko wa kompyuta ukakataa kufunga.

"Iache wazi," akasema. "Za kisasa zinapumua."

Mwalimu mwenyewe alibonyeza kitufe. Alikuwa amevaa shati zuri.

Feni iliamka. Nimewahi kufanya kazi karibu na mashine ya kusaga nafaka, kwa hiyo sikushtuka sana, lakini mama mkwe alishika kiti chake kwa mikono miwili. Taa za rangi zikawaka humo ndani, nyekundu, buluu, zambarau. Tukageukia televisheni.

Nyeusi.

Tukasubiri. Nyeusi.

"Inajipasha," alisema Mtaalamu.

Ikajipasha. Chumba kizima kikajipasha. Televisheni ikabaki nyeusi kama ilivyoumbwa.

"Televisheni yenu ndiyo mbovu." Wakaichomoa, wakaleta ile ndogo ya chumbani. Nyeusi. "Waya." Wakabadilisha waya. "Umeme wa nyumba hii tangu zamani..." Mke wa mwalimu akamtazama kaka yake mpaka hiyo sentensi ikafia njiani.

Binti alikuwa ameokota boksi tupu sakafuni, akalizungusha kutafuta maandishi.

"Baba," akasema, "hapa wameandika hii haina picha ndani yake. Lazima ununue kadi ya picha uichomeke pembeni. Bila hiyo haionyeshi kitu."

Miezi yote ile. Viini, nyuzi, joto, vijana wa mitandaoni, sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Amesoma mpaka namna madini yake yanavyochimbwa. Na hicho ndicho hakukisoma, au alikisoma zamani akakisahau siku aliyoambiwa wastaafu. Mwalimu alikaa kwenye mkono wa kochi, pembeni yangu, akaiangalia ile kompyuta inayounguruma na kumeta bila kuonyesha kitu.

"Lakini hilo linajulikana," alisema Mtaalamu.

"Linajulikana na nani?" aliuliza dada yake.

"Na kila mtu. Prosesa za kiume zote ziko hivyo. Unaongeza kadi tu."

"Ya kwako uliongeza kadi gani?"

Mtaalamu akakohoa. "Mimi ya kwangu..." Akajifuta mikono upya, ingawa ilikuwa mikavu. "Mimi kwa sasa natumia simu."

Sijawahi kusikia feni ikisikika vile.

Wakasema warudishe ile ya zamani, angalau mama aone filamu zake. Mtaalamu akaiokota mezani. Chini yake kuna vijino vyembamba kama nywele, mamia, na safu nzima ilikuwa imelala upande mmoja kama majani yaliyokanyagwa. Ndivyo inavyotokea ukiing'oa kama jino. Basi nyumba ile ikawa na prosesa mbili na haina kompyuta hata moja. Mtaalamu akakumbuka kwamba kuna mahema ya kukunjwa mahali.

Kilichofuata kilinihusu mimi. Mama mkwe alihamia kwangu. Si kulala, kuangalia tu. Televisheni yangu ni ndogo na tamthilia yake inaonyeshwa mara moja kwa siku, lakini alikuja mapema ili asiikose na akabaki ili tuijadili. Nikashona mapazia ya hoteli nzima nikiulizwa kwa nini yule mwanasheria haoni kwamba mkewe ni mwongo. Pazia moja lilitoka na pindo juu na chini.

Upande wa pili ukuta ulikuwa kimya, na kwenye kimya kile nilisikia sauti niliyoiogopa. Mwalimu alikuwa anaangalia video. Kijana wa mtandaoni alikuwa anasema, kwa furaha isiyo na mwisho, kwamba leo tunazungumzia kadi za picha.

Nami nikamtazama mama mkwe, naye akanitazama. Akavaa kandambili zake akatoka. Dakika moja baadaye akarudi na mkwe wake nyuma yake, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Kaa, mkwe wangu."

Akakaa kwenye robota la kitambaa. Nikataka kutoka. "Wewe baki," mama akaniambia, "si unasikia yote hata hivyo?"

Nikabaki.

"Hiyo kadi utaichagua mpaka lini?" aliuliza.

"Mama, safari hii sitakosea. Natazama vizuri, kisha..."

"Hujui mjukuu wangu alicheza na nani Ijumaa zote zile."

"Alicheza peke yake. Nilimwambia asubiri kidogo."

"Alicheza na mimi."

Mwalimu alidhani hakusikia vizuri. "Alicheza nini na wewe, mama?"

"Magari. Tangu ile siku alipokuita ukakataa, eti miti haina majani. Alikuja chumbani kwangu akalia. Nikamwambia lete hicho kidude cha kushika, nifundishe. Wewe ulikuwa kwenye kochi hapo hapo na vitu masikioni. Tukicheza, tukipiga kelele, hukugeuka." Akarekebisha miwani yake. "Mpaka kompyuta inakufa nilikuwa nampita kona ya daraja."

Nilitegemea acheke. Mama mzima wa miaka ile, hajawahi kushika usukani, anapita kona ya daraja! Lakini mwalimu alikuwa anaangalia sakafu yangu, yale mabaki ya nyuzi na vipande. Nadhani alikuwa anadhani Ijumaa zake zimewekwa mahali, zimefunikwa vizuri, zinamsubiri amalize kusoma. Kumbe zilikuwa zimeendelea kuwa Ijumaa, na watu wengine ndani yake.

"Hakuniambia kwamba alilia," akasema.

"Angekuambia wapi? Sehemu ya tatu?"

Kesho yake asubuhi alikwenda dukani peke yake na lile dude kwenye boksi. Sijui walizungumza nini zaidi ya yale aliyomsimulia mkewe. Alisema anataka kubadilishana na ile ndogo, yenye picha ndani. Kijana akamwambia hiyo hiyo ndiyo nzuri. Mwalimu akamkumbusha kwamba alisema hivyo hivyo kuhusu ile nyingine. Kijana akasema ile nayo ilikuwa nzuri sana. Alipata hasara kidogo, kama inavyostahili. Fundi wa mtaani akaja akapaka tone moja, akafunga mfuniko, akabonyeza. Televisheni ikaonyesha. Feni ilikuwepo, lakini ilibidi uinamishe sikio.

Mama mkwe alirudi sebuleni kwao siku hiyo hiyo, muuaji akakamatwa bila kuganda hata mara moja, na mimi nikafumua lile pazia.

Mtaalamu alipita wiki ileile, akasikia kimya cha kompyuta, akasema ndiyo maana yeye tangu mwanzo alipendekeza ndogo. Hakuna aliyembishia. Ukimbishia anakaa mpaka chakula.

Ijumaa ikafika. Safari hii sikukaa ukutani, nilialikwa. Miti ilikuwa na majani, watu wa pembeni walikuwa na sura, baadhi mbaya. Mwalimu alikaa katikati, akashika kidude chake, akasafisha koo. Binti alimwambia kwa adabu kwamba baba ni wa tatu, wanaanza wao wawili, kwa kuwa walikuwa na shindano lao waliloliacha katikati kompyuta ilipokufa. Mwalimu akasogea mwisho wa kochi.

Akamwona mama mkwe wake akiendesha. Mama aliingia barabarani kinyume na wengine wote. Alipita juu ya bustani. Alilisukuma gari la mjukuu wake ukutani huku akimwomba radhi, "Samahani mwanangu, samahani," akalisukuma tena. Mguu wa kulia wa mwalimu ulikuwa unakanyaga zulia, unakanyaga, unakanyaga. Zamu yake ilipofika, mjukuu na bibi walimwacha nyuma wote wawili, akaomba warudie. Wakarudia. Akawa wa mwisho tena. Akacheka, na binti akacheka, lakini nilipotazama vizuri niliona binti bado anamchungulia, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja kabla ya kupita. Ilichukua Ijumaa kadhaa kabla hajaacha kumchungulia. Hilo hakuna prosesa inayoliharakisha.

Baada ya hapo mama mkwe akaanza kuomba afundishwe gari la kweli.

Mwalimu alikataa kwa kila njia ya heshima aliyoijua. Macho, mama. Magoti, mama. Gari liko gereji, mama. Mama akasema ni sawa, ng'ambo ya barabara kuna shule nyingine ya udereva, atakwenda huko na kuwaeleza mkwe wake ni nani. Jumapili ile ile wakatoka, binti na mimi kiti cha nyuma, mpaka kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala. Mwalimu alifunga mkanda, akaukagua, akaukagua tena. Alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri ganzi ya jino.

Mama alivuta kiti mbele, akaangalia vioo vyote, akaliondoa gari kama anayebeba sinia la vikombe. Likaenda limenyooka. Alipofika mwisho wa uwanja akaonyesha taa, akapinda, akarudi, akasimama mahali alipoambiwa. Mwalimu hakugusa kitu. Akamgeukia mama.

"Mama, sasa kule kwenye gemu kwa nini unagonga kila kitu?"

"Kule hakuna anayeumia," mama akasema, akitazama kioo cha nyuma. "Hapa nimembeba mkwe, mjukuu, na jirani ambaye bado hajanimalizia pazia la chumba changu. Nirudie tena au umechoka?"

Akarudia. Leseni hakuitafuta, alisema anakwenda wapi na hiyo leseni. Lakini Jumapili akipenda wanakwenda uwanjani, na mwalimu ananunua maji ya kunywa njiani, na binti siku hizi anasema atakapofikisha umri anataka bibi yake ndiye amfundishe.